Kuchoma CD, DVD na Blu-ray: kuchagua diski na kasi inayofaa

Maswali ya wanaoanza kuchoma diski ni yale yale. DVD imeandikwa GB 4.7, kwa nini inakataa mafaili ya GB 4.5? Alama ya + na ile ya - zina tofauti gani? Diski inasema 16x, niichome kwa 16x? Mbona CD inapiga vizuri kwenye kompyuta lakini redio ya gari inaitema? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kushika diski tupu hadi kuandika jina juu yake.

Shika jambo moja kwanza: diski huchaguliwa kwa kuangalia mashine itakayoisoma, si kompyuta itakayoichoma. Draivu za kuchoma za miaka mingi sasa zinakubali karibu kila aina ya CD na DVD. Deki ya DVD ya zamani au redio ya gari haina ukarimu huo. Anayeanza kwa kuuliza "nina diski gani mkononi?" ndiye anayeishia na rundo la diski zinazofunguka kwenye kompyuta yake peke yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Draivu inayochoma. Si kila draivu huchoma. Tazama nembo zilizopo usoni mwa trei: ikiandikwa ROM tu, hiyo husoma bila kuandika. Unatafuta neno lenye R, RW au Multi. Kwa Blu-ray kuwa mwangalifu zaidi, maana zipo draivu zinazosoma Blu-ray lakini huchoma CD na DVD tu.
- Diski tupu, na moja au mbili za akiba. Kuna siku diski itaharibika bila kosa lako.
- Programu ya kuchoma. Windows na macOS zina uwezo huo ndani yake. Kwa kazi zinazohitaji udhibiti zaidi, ImgBurn na CDBurnerXP hutumika kwenye Windows bila malipo, na K3b au Brasero kwenye Linux.
- Nafasi kwenye diski kuu ya kompyuta inayolingana na ukubwa wa diski unayochoma. Ukinakili diski nzima, programu huiweka kwanza humo.
- Kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa ajili ya CD. Kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu iache mezani.

Majina yaliyoandikwa kwenye diski

R mwishoni mwa jina maana yake huandikwa mara moja tu: CD-R, DVD-R, DVD+R, BD-R (BD ni Blu-ray). RW hufutika na kuandikwa upya, takriban mara 1,000 kwa CD-RW na DVD za aina hiyo. Kwa Blu-ray inayofutika herufi ni RE. Ukiona ROM, hiyo imetoka kiwandani ikiwa na vitu vyake, haichomwi.

Ndani ya diski ya R mna tabaka la rangi ambalo leza hulichoma na kulibadilisha daima. (Blu-ray nyingi hutumia madini badala ya rangi.) Ndani ya RW mna mchanganyiko wa metali unaobadilika hali na kurudi. Kwako wewe tofauti ni hii: RW hurudisha mwanga kidogo kuliko R, na mashine nyingi za zamani za CD hazina jicho la kuona mwanga hafifu kiasi hicho. Ukisikia redio haitambui CD-RW, usiilaumu redio.

Sasa + na -. DVD-R ilitoka kwa Pioneer mwaka 1997. Kundi shindani, likiwamo Philips na Sony, lilileta DVD+RW na baadaye DVD+R, iliyoingia sokoni mwaka 2002. Ni mifumo miwili ya kufanya kazi moja, na draivu za leo huchoma yote miwili. Kwa deki za zamani, DVD-R kwa kawaida ndiyo salama zaidi. DVD+R nayo ina faida yake: draivu nyingi zinaweza kuiandika ijitambulishe kama DVD-ROM, na deki inayobagua huikubali bila neno. Kwa kuhifadhi data ya kompyuta, chagua yoyote kati ya hizo.

Herufi DL maana yake ina matabaka mawili ya kuandikia. Ipo pia DVD-RAM, inayofutika mara nyingi zaidi sana, lakini ni mashine chache zinazoisoma. Usiianze safari yako hapo.

Diski inabeba kiasi gani hasa

CD-R ya kawaida hubeba MB 700, au dakika 80 za muziki. Zile za zamani ni MB 650, dakika 74. DVD ya tabaka moja ni GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5. Blu-ray ya tabaka moja ni GB 25, ya mawili GB 50, na familia ya BDXL hufika GB 100 na GB 128, lakini hiyo huhitaji draivu yenye nembo ya BDXL.

Hapa ndipo penye mtego unaowanasa wengi. Watengenezaji wa DVD huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Diski ni ile ile, baiti ni zile zile, ila kwenye Windows GB 4.7 huonekana kama GB 4.37 na GB 8.5 huonekana kama 7.95. Blu-ray ya GB 25 itaonyesha takriban 23.3. Hujaibiwa. Ukipanga mafaili kwenye Windows, kikomo chako cha DVD ni 4.37, na mimi hushauri usipite 4.3.

CD haina tatizo hilo kwa sababu MB 700 zake huhesabiwa kwa njia ile ile ya kompyuta.

Kuna jingine dogo ambalo humsumbua anayenakili diski iliyojaa hadi ukingoni: DVD-R hubeba baiti 4,707,319,808 na DVD+R hubeba 4,700,372,992. Pengo ni kama MB 7. Faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, linaloingia kwenye DVD-R barabara linaweza kukataliwa na DVD+R, na programu itakwambia tu kwamba nafasi haitoshi.

Alama ya x

x ni kuzidisha kasi ya msingi, na kila familia ya diski ina msingi wake. 1x ya CD ni kasi ambayo CD ya muziki husomwa inapopigwa kawaida, yaani KB 150 za data kwa sekunde. Ndiyo maana CD ya dakika 80 ikichomwa kwa 1x huchukua dakika 80. 1x ya DVD ni takriban KB 1,385 kwa sekunde, kama mara tisa ya CD. 1x ya Blu-ray ni MB 4.5 kwa sekunde.

Kwa hiyo usilinganishe x za familia mbili. CD ya 52x hufika MB 7.8 kwa sekunde. DVD ya 16x hufika MB 22. Mwenye namba ndogo ndiye anayekimbia zaidi.

Na nimesema "hufika" kwa makusudi. Uchomaji huanza karibu na tundu la katikati na kuelekea ukingoni. Kwenye kasi za juu draivu huzungusha diski kwa mizunguko ile ile muda wote, na sehemu ya nje hupita mbele ya leza haraka kuliko sehemu ya ndani. DVD ya 16x huanzia kati ya 6x na 7x, hupanda taratibu, na 16x yenyewe huiona mwishoni kabisa. Wastani wake ni kama 12x. CD ya 52x huanzia kwenye 22x hivi.

Sasa piga hesabu ya muda. DVD iliyojaa, kwa 4x, huchukua kama dakika 15. Kwa 8x, kama dakika 8. Kwa 16x, dakika 5 au 6. Ukitoka 8x kwenda 16x unaokoa dakika mbili au tatu basi. CD iliyojaa kwa 16x huchukua dakika 5 na kidogo. Kwa 52x, dakika 2 na nusu hivi. Blu-ray ya GB 25 kwa 4x huchukua takriban dakika 23.

Dakika hizo chache zina malipo yake. Kwa 52x CD huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Diski isiyo na uwiano mzuri hutetemeka, leza hupata muda mfupi sana wa kuandika kila alama, na makosa huongezeka kadiri unavyoukaribia ukingo wa nje. Kompyuta yako inaweza isione kitu, maana draivu mpya hurekebisha makosa mengi kimyakimya. Deki yenye lenzi iliyochoka haiwezi. Filamu inayokwama dakika kumi za mwisho, au wimbo wa mwisho unaorukaruka, mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Basi tuchome 1x? Hapana, na hili watu hulikosea kwa upande wa pili. Diski zinazouzwa kwa kasi ya 16x au 52x zimetengenezewa rangi inayotaka leza kali kwa muda mfupi. Ukiichoma polepole mno, si lazima matokeo yawe bora, na wakati mwingine huwa mabaya zaidi. Isitoshe, kila diski ya DVD au Blu-ray hubeba msimbo wa mtengenezaji wake. Draivu huusoma na kuchagua namna ya kuichoma diski hiyo kutoka kwenye orodha iliyomo ndani yake. Ndiyo maana programu ikikuonyesha 4x, 8x, 12x na 16x tu, haikunyimi 1x kwa ubaya: draivu haina maelekezo ya kuichoma diski hiyo kwa 1x.

Namba iliyoandikwa kwenye diski ni dari. Nenda kwenye nusu yake au karibu na hapo:

- CD-R ya 52x: 16x hadi 24x.
- DVD-R au DVD+R ya 16x: 8x.
- DVD+R DL: 2.4x au 4x. Hapa usibishane, diski za matabaka mawili hazipendi haraka.
- BD-R: 4x, au 2x kama ni ya matabaka mawili na haikubali vizuri.
- Aina za RW: kasi iliyoandikwa kwenye diski yenyewe. Hizi zina mpaka wa juu na wa chini pia. CD-RW ya kasi ya juu kabisa haiandikiki kabisa kwenye draivu ya zamani.

Hatua za kuchoma

1. Amua diski itapigwa wapi, na kama kitu gani. CD ya muziki ni kitu kimoja, CD yenye mafaili ya MP3 ni kingine. Ya kwanza hupigwa na mashine yoyote ya CD, lakini inahesabiwa kwa dakika: nyimbo zako za MP3 zinaweza kuwa MB 200 tu, zikizidi dakika 80 hazitaingia, kwa sababu programu huzifungua zikawa sauti kamili kabla ya kuchoma. Ya pili hubeba nyimbo nyingi sana ila hupigwa tu na mashine yenye neno MP3 usoni. Vivyo hivyo kwa filamu: kuburuta faili la MP4 kwenye DVD hakutengenezi DVD ya filamu. Deki ya zamani inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB ndani yake. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kutengeneza DVD, kama DVDStyler, kabla hujafika kwenye kuchoma.

2. Kagua diski tupu. Ishike kwa ukingo na tundu la kati. Iinamishe chini ya taa uone kama ina mkwaruzo, alama ya kidole au doa. Vumbi lipulize au lifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Kufuta kwa kuzungusha huacha mikwaruzo inayofuata mkondo wa data, na hiyo ndiyo mibaya kuliko yote.

3. Hamishia mafaili kwenye diski kuu ya kompyuta. Usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kadi ya simu au kompyuta nyingine ya mtandao. Leza ikishaanza inataka data mfululizo. Draivu za tangu miaka ya 2000 zina kinga ya kusimama na kuendelea data ikichelewa, lakini kila kusimama ni kiungo kinachobaki kwenye diski. Bora kisiwepo.

4. Itulize kompyuta. Chomeka chaja. Zuia isilale. Funga michezo, upakuaji wa intaneti na ukaguzi wa virusi. Kama draivu ni ya nje, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio cha USB. Draivu ndogo za nje hula umeme mwingi wakati wa kuchoma kuliko wakati wa kusoma, na nyingi huja na waya wenye vichwa viwili. Vichomeke vyote viwili.

5. Weka diski na uchague aina ya kazi. Windows itakuuliza kama unataka diski itumike kama flashi au ichezwe kwenye mashine ya CD/DVD. Chagua ya pili. Ya kwanza inavutia kwa sababu unaburuta faili na kulifuta upendavyo, lakini diski hiyo mara nyingi haisomwi na deki wala redio, na kwenye diski ya R nafasi ya faili ulilofuta hairudi kamwe. Kama una faili la ISO, usiliburute kama faili la kawaida. Bofya kitufe cha kulia juu yake uchague kulichoma kama taswira ya diski.

6. Angalia mfumo wa mafaili, yaani namna mafaili yanavyopangwa kwenye diski. Kwa CD ya data, ISO 9660 pamoja na Joliet inatosha, ila majina yasizidi herufi 64. Kwa DVD na Blu-ray tumia UDF. Faili moja linalozidi GB 4 linahitaji UDF, hakuna mjadala. Epuka alama za ajabu kwenye majina ya mafaili. Redio na deki nyingi hazizisomi.

7. Weka kasi wewe mwenyewe. Programu nyingi huacha kasi kwenye "Max" bila kukuuliza. Badilisha ufuate orodha ya hapo juu. Programu ya ndani ya Windows huonyesha chaguo la kasi kwenye dirisha la kuandikia jina la diski. Watu hulipita bila kuliona.

8. Kwa CD ya muziki, chagua DAO. Maana yake diski nzima inachomwa kwa mkupuo mmoja na kufungwa. TAO, yaani kuchoma wimbo mmoja mmoja, huzima leza kati ya wimbo na wimbo, na kwa kawaida huacha ukimya wa sekunde mbili. Kwa tamasha au mahubiri yaliyokatwa vipande, ukimya huo unaudhi.

9. Funga diski na uwashe uhakiki. Kwenye programu nyingi maneno ni "Finalize" au "Close disc", na "Verify". Diski isiyofungwa itaonekana tupu kwenye mashine nyingi. Uhakiki huisoma diski yote baada ya kuchoma na kuilinganisha na mafaili ya asili. Huongeza dakika kadhaa, na kwa picha za familia au nyaraka za kazi mimi siukubali uchomaji usiohakikiwa.

10. Bonyeza kuchoma, kisha uache. Usiisogeze kompyuta mpakato, usigonge meza. Mwanzoni draivu hujaribu nguvu ya leza kwenye eneo dogo karibu na katikati, na mwishoni mstari wa maendeleo unaweza kukaa kwenye asilimia 100 kwa muda ukionekana umeganda. Haujaganda. Hapo ndipo diski inafungwa. Anayelazimisha trei ifunguke wakati huo anaiharibu diski iliyokuwa imebakiza sekunde chache.

11. Itoe na uitazame. Iinamishe tena chini ya taa: sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo, na utaona duara mahali data ilipoishia. Duara likiishia katikati ya njia ilhali uliijaza diski yote, kazi haikukamilika, hata kama programu imepiga kengele ya furaha.

12. Ijaribu kwenye mashine iliyokusudiwa. Usicheze wimbo wa kwanza tu ukaridhika. Ruka hadi wimbo wa mwisho, au dakika za mwisho za filamu, maana ukingoni ndiko makosa yanakojikusanya.

13. Andika jina na tarehe. Andika upande wa juu, karibu na tundu kama unaweza. Kwenye CD, tabaka la data liko chini tu ya rangi hiyo ya juu, limekingwa na vanishi nyembamba. Mkwaruzo wa juu huua CD kuliko mkwaruzo wa chini. Kwenye DVD data iko katikati ya plastiki mbili. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa kusomea, kwa hiyo huo ndio wa kulinda.

Makosa yanayorudiwa sana

Kubandika karatasi juu ya DVD. Gundi inapokauka huivuta diski na kuipinda, na karatasi isipokaa katikati kabisa diski hutetemeka inapozunguka. Andika kwa kalamu.

Kuchoma CD kidogo kidogo kwa vipindi vingi. Inawezekana, lakini kipindi cha kwanza hula kama MB 22 kwa ajili ya alama zake tu na kila kinachofuata kama MB 13. Zaidi ya hayo, mashine za muziki husoma kipindi cha kwanza peke yake.

Kutumia RW kwa kumbukumbu za miaka mingi. Diski iliyotengenezwa ili ifutike isiwe mahali pekee pa picha za harusi. Kwa hifadhi ndefu tumia diski ya R ya mtengenezaji anayeaminika, iweke wima kwenye kasha, mbali na jua na joto, na uwe na nakala ya pili mahali pengine. Ukitaka kwenda mbali zaidi zipo M-DISC, ambazo tabaka lake la kuandikia si rangi bali madini. Hakikisha tu draivu yako imeandikwa kwamba inazichoma.

Kuingiza diski ndogo ya sentimita 8 kwenye mashine isiyo na trei, ile ya kumeza diski kupitia mdomo mwembamba. Inaweza isitoke tena bila kufungua mashine.

Ikikwama

*Draivu haiitambui diski tupu.* Jaribu diski ya mtengenezaji mwingine kwanza. Ikikubali, draivu haiijui diski ile ya awali. Tafuta sasisho la programu ya ndani ya draivu kwa mtengenezaji wake. Kama inasoma CD lakini inakataa DVD, au kinyume chake, huenda leza moja kati ya mbili imechoka. CD na DVD hutumia leza tofauti.

*Kosa la kupima nguvu ya leza.* Draivu imejaribu na haikupata nguvu inayofaa. Punguza kasi ngazi moja, badilisha diski, safisha lenzi. Likirudi kwa kila aina ya diski, draivu imefika mwisho wake.

*Uchomaji unakatika katikati.* Kwa draivu ya nje, shuku umeme kabla ya kushuku diski: badilisha tundu la USB, tumia waya wa vichwa viwili. Kwa draivu ya ndani, punguza kasi. Ikikatika asilimia ile ile kila mara, angalia faili linalochomwa hapo; huenda ni bovu kwenye diski kuu.

*Inafunguka kwenye kompyuta yangu tu.* Huenda haikufungwa. Irudishe kwenye draivu iliyoichoma na uamuru programu iifunge. Kama ilichomwa kwa mtindo wa flashi, nakili mafaili yake na uchome upya kwenye diski nyingine.

*Nimefungua diski nimekuta faili moja la ISO.* Umelichoma kama faili badala ya taswira. Rudi hatua ya 5.

*Redio ya gari inaitema CD.* Angalia kwa mpangilio huu: ni CD-RW? Ni MP3 kwenye redio isiyojua MP3? Imefungwa? Kama yote ni sawa, choma nyingine kwa 16x, ikiwezekana ya dakika 74, maana mashine za zamani sana hazikutarajia diski ndefu zaidi ya hapo.

*Blu-ray inakataliwa na mashine ya zamani.* Tazama kama kasha lina herufi LTH. Hizo hutumia rangi badala ya madini, na mashine za mwanzo za Blu-ray nyingi hazizisomi. Nunua BD-R isiyo na herufi hizo.

*Uhakiki umeshindwa kwenye faili moja.* Usijiambie kwamba faili moja si kitu. Diski hiyo itupe, punguza kasi ngazi moja, uchome nyingine. Ikishindwa tena mahali pale pale, badilisha aina ya diski kabla ya kubadilisha draivu.